Jirani wa Msimu: Tuliyojifunza Tukifanya Kazi ya Mbali Katika Mji wa Chiang Mai

(Hotuba iliyosomwa mbele ya jamaa baada ya sala ya Alasiri)



Vijana wa msikiti huu ndio waliotuandikia wakitaka tuje tueleze habari ya kazi ifanywayo kwa kompyuta, mfanyakazi akiwa nchi moja na mwajiri wake nchi nyingine. Katika barua yao waliuliza mambo matatu: kodi ya nyumba ni kiasi gani, viza hupatikanaje, na intaneti ina kasi gani. Tutayajibu, maana ni haki yao kuyajua, lakini hatutakaa sana hapo. Liko jambo la nne ambalo hawakuliuliza, wala sisi hatukuliuliza kabla ya kusafiri, nalo ndilo lililotufanya tuitikie mwaliko huu.

Kwanza habari yetu. Sisi ni watu watatu: mume, mke na mtoto mmoja wa kiume. Kazi yetu ni kutafsiri na kuhariri nyaraka kwa ajili ya ofisi moja ya London. Ulipozuka ugonjwa wa korona mwaka 2020, ofisi iliwaamuru wafanyakazi wafanyie kazi majumbani, na hali ilipotulia haikuwarudisha. Kodi ya nyumba ilikuwa ikila nusu ya mapato yetu. Tukauliza, je, hiyo nyumba ya kufanyia kazi ni lazima iwe London? Tukajibiwa kwamba kazi ifike kwa wakati, mengine hayawahusu. Basi mwezi wa Novemba 2022, mwana wetu akiwa na umri wa miaka sita, tukahamia Chiang Mai.

Chiang Mai ni mji wa kaskazini mwa Thailand, katika bonde la Mto Ping. Ulijengwa na Mfalme Mengrai mwaka 1296, na mpaka leo mji wa kale una umbo la mraba lililozungukwa na handaki la maji na mabaki ya kuta. Upande wa magharibi umesimama mlima wa Doi Suthep, na kila upande ukitazama utaona milima. Ukiulinganisha na Bangkok ni mji mdogo. Kwa baiskeli mtu anaweza kuuzunguka mji wa kale asubuhi kabla jua halijawa kali. Watu wake ni wapole, hawapigi kelele barabarani, na chakula ni chepesi kupatikana hata kwa Mwislamu. Kipo kiitwacho khao soi, tambi za mayai katika mchuzi wa nazi na bizari, ambacho mtu wa pwani akikionja atadhani kimepikwa na shangazi yake.

Nje kidogo ya mji wa kale iko barabara ya Nimmanhaemin, na huko ndiko waliko wageni wa namna yetu. Mikahawa imejaa watu walioinamia kompyuta, kila mmoja na vipokea sauti vyake masikioni. Huyu anaandika programu kwa kampuni ya Marekani, yule anachora matangazo kwa duka la Ujerumani. Intaneti ni ya kasi sana, na hilo ndilo jibu la swali la tatu la vijana. Nyumba tuliyoipata, yenye vyumba viwili na kiwanja kidogo, ilikuwa baht 14,000 kwa mwezi, nayo ni chini ya robo ya tuliyokuwa tukilipa London.

Hapa ndipo hesabu inapoanza kumtia mtu kiburi bila ya yeye kujijua. Tulipofika, mshahara wa chini uliowekwa na serikali katika mkoa huo ulikuwa baht 340 kwa siku. Kikombe cha kahawa katika ile mikahawa kilitutoka kwa baht 80 hivi. Yaani yule binti aliyetuletea kahawa, kama alikuwa akilipwa kiwango hicho, ilimpasa afanye kazi karibu robo ya siku ili anywe kile tulichokunywa sisi huku tukisoma barua zetu. Tuliliona jambo hili katika wiki ya kwanza, tukasikitika, na katika wiki ya tatu tukawa hatulioni tena. Nanyi mnaifahamu hali hii kutoka upande wa pili, maana wageni wa namna hiyo hiyo wanaishi Paje na Lamu, na mwaka 2024 Kenya ilianzisha kibali maalumu kwa ajili yao. Mnajua mwenyeji husema nini mgeni akishapita.

Ama habari ya viza, tuseme kwa ufupi. Sisi tuliingia kwa viza ya utalii, kisha ya kujifunza lugha, na hatuoni haya kukiri kwamba sheria ya wakati ule ilimwacha mtu wa kazi kama yetu mahali penye giza. Mwezi wa Julai 2024 serikali ya Thailand ilianzisha viza mpya iliyowataja waziwazi wanaofanya kazi za nchi nyingine wakiwa kule. Kama ilivyotangazwa, ilidumu miaka mitano, kila kuingia kukiwa ni siku 180, na mwombaji alitakiwa kuonyesha akiba ya baht 500,000. Haikumruhusu mtu kuajiriwa na kampuni ya Thailand. Tena, tangu tarehe 1 Januari 2024, mtu akaaye nchini humo siku 180 au zaidi katika mwaka hudaiwa kodi ya mapato ya nje anayoyaingiza nchini. Taratibu hizi hubadilika, kwa hiyo anayetaka kwenda aulize ubalozini, asitegemee maneno ya mikahawani.

Liko na jambo la saa, ambalo vijana hulidharau. Chiang Mai imeitangulia London kwa saa saba wakati wa baridi. London wanapoanza kazi saa tatu asubuhi, kwetu ilikuwa saa kumi alasiri, na walipofunga ofisi jioni sisi tulikuwa tumefika saa sita usiku. Basi Magharibi na Isha ziliangukia katikati ya mikutano, na Alfajiri ilitukuta ndio kwanza tumelala. Asubuhi nzima, wakati majirani wako sokoni, mashuleni na mashambani, sisi tulikuwa tumefunga madirisha. Inawezekana mtu akakaa mwaka mzima katika mji kwa namna hii na asijue mji ule unaamka vipi.

Ijumaa tu ndiyo iliyotuokoa, maana adhuhuri yetu ilikuwa huru. Karibu na soko la usiku uko msikiti wa Ban Haw, na asubuhi ya Ijumaa katika kichochoro kilicho karibu nao huwapo gulio ambako watu wa milimani huuza chai, maharage, mboga na nyama ya ng'ombe iliyokaushwa. Msikiti huo ni wa Waislamu wenye asili ya Yunnan, jimbo la kusini-magharibi mwa China. Wahenga wao walikuwa wafanya biashara wa misafara. Walishuka na baghala wao baada ya mvua kwisha, wakapita Chiang Mai kuelekea Burma na bandari ya Moulmein, kisha wakarejea kwao kabla ya mvua kuanza tena. Nao pia walikuwa watu wa msimu. Lakini katika karne ya 19 na mwanzoni mwa karne ya 20 baadhi yao hawakurejea. Walinunua ardhi, wakaoa, wakajenga msikiti na shule. Mmoja wao, Zheng Chonglin, baghala wake walibeba mizigo wakati reli ilipokuwa ikijengwa kwenda Chiang Mai, na anakumbukwa pia kwamba alitoa ardhi yake kwa ajili ya uwanja wa ndege wa mji ule. Tuliposimuliwa habari hizo kwa mara ya kwanza tulizifurahia kama historia. Haikutupitia akilini kujiuliza kuhusu sisi wenyewe.

Sasa tufike kwenye lile jambo la nne.

Nyumba yetu ilikuwa mtaa wa Chang Khlan, si mbali na mto. Ukuta kwa ukuta nasi aliishi mama mmoja wa makamo, mjane, wa dini ya Kibudha, aliyeuza wali wa kunata na nyama za kuchoma kila alfajiri penye kona ya barabara. Tulimwita Pa, ndivyo Wathai wanavyomwita mwanamke aliye rika la dada mkubwa wa mzazi. Alikuwa akimlea mjukuu wake wa kiume, umri mmoja na mwana wetu. Watoto wale wawili hawakuwa na lugha moja, lakini baada ya mwezi mmoja walikuwa na lugha yao wenyewe. Pa alipojua kwamba hatuli nguruwe, hakutuletea nyama tena asije akatutia shaka, akawa anatuletea matunda. Sisi tulimpa tabasamu, na mara moja moja biskuti za dukani. Tulidhani tunaishi ujirani.

Mwezi wa Februari 2023 milima ilianza kutoweka, na ilipofika Machi Doi Suthep haukuonekana kabisa. Kila mwaka, kiangazi kinapokuwa kikali, mabaki ya mazao huchomwa mashambani, hasa ya mahindi yanayolimwa kwa ajili ya chakula cha mifugo, na misitu nayo huwaka moto, ndani ya Thailand na vilevile katika nchi jirani za Myanmar na Laos. Kwa kuwa mji uko bondeni, na hewa ya joto juu yake huwa kama kifuniko cha chungu, moshi hukosa pa kutokea. Chembe mbaya zaidi ni zile ndogo zisizozidi mikromita 2.5, ambazo hupenya mpaka ndani ya mapafu. Tangu mwaka 2021 Shirika la Afya Duniani limependekeza kwamba kwa siku moja zisizidi mikrogramu 15 katika mita moja ya ujazo ya hewa. Mwishoni mwa Machi mwaka ule kipimo kilipita 100 siku baada ya siku, na zilikuwapo siku ambazo Chiang Mai ulitajwa kuwa mji wenye hewa chafu kuliko miji yote mikubwa iliyopimwa duniani.

Tulikuwa tumenunua mashine ya kusafisha hewa, tukaiweka katika chumba cha kulala. Lakini mwana wetu alianza kukohoa, na macho yake yakawa mekundu. Basi katika siku za mwanzo za Ramadhani tulifanya kile walichokifanya karibu wote wa ile mikahawa: tulifungua kompyuta, tukatafuta nyumba ya mwezi mmoja huko Krabi, pwani ya kusini, tukakata tikiti. Kazi yetu ingeweza kufanyiwa popote, na ofisi ya London haikujua hata kwamba tumehama. Tulizima umeme, tukafunga milango, tukamwomba Pa atumwagilie maji miche iliyokuwa kibarazani. Tukaondoka na funguo zote mbili.

Hatusemi kwamba ilikuwa kosa kumtoa mtoto katika moshi. Hapana mzazi hapa atakayetulaumu, na kesho ikitokea tutafanya vivyo hivyo.

Tulikaa Krabi siku thelathini. Bahari ilikuwa safi, misikiti mingi, futari nzuri. Tuliporejea baada ya Idi, mvua za kwanza zilikuwa zimenyesha na milima imeanza kuonekana. Miche ilikuwa hai, imechanua. Pa akatuletea maembe kwenye ungo. Mjukuu wake alisimama nyuma yake, amekonda, naye hakukimbilia mpira kama desturi yake. Tukauliza. Pa akasema, kama mtu anayeeleza habari ya hali ya hewa, kwamba kijana alikuwa akitokwa na damu puani usiku, na mara mbili alimpeleka hospitali akavutishwa dawa kwa mvuke. Usiku alikuwa akilowesha shuka na kuitundika mlangoni ili izuie vumbi la moshi. Kisha akabadilisha mazungumzo, akatuuliza kama samaki wa Krabi ni ghali.

Tukaingia ndani. Mashine ya kusafisha hewa ilikuwa pale pale tulipoiacha. Mmoja wetu akaiwasha, ikaanza kuvuma, na hapo ndipo tulipotazamana. Siku thelathini mashine ile ilikaa imezimwa katika chumba kisicho na mtu. Tulipima baadaye: kutoka pale ilipokuwa mpaka kilipo kitanda cha mtoto yule ni hatua kumi na mbili, ukuta ukiwa katikati. Tungeweza kuipitisha mlangoni dakika mbili kabla ya kwenda uwanja wa ndege. Tungeweza kuacha ufunguo. Halikuwa jambo la fedha, wala la muda, wala la hofu ya kuibiwa. Haikutupitia tu. Tulikumbuka miche.

Kwa nini Pa hakuomba, hali alikuwa na simu yetu? Wathai wana neno lao, kreng jai, nalo ni ile haya ya kutotaka kumsumbua mtu kwa haja yako, hasa mtu unayemwona yuko juu yako. Sisi kwa Kiswahili tunasema kustahi. Alitustahi. Na aliyetuweka juu yake ni nani, kama si sisi wenyewe, kwa kodi yetu ya miezi sita tuliyoilipa kwa mkupuo na madirisha yetu yaliyofungwa mpaka saa nne?

Ndugu zangu, sote hapa tumefundishwa haki za jirani tangu utotoni, na tunazijua kwa moyo. Sisi tulizijua. Lakini kazi hii ya mbali ina udanganyifu wake. Mwajiri wako yuko kwingine, fedha zako zinatoka kwingine, rafiki zako wako ndani ya simu, na likitokea la kutokea unaondoka. Moshi ule haukumgawa tajiri na maskini tu, ulimgawa pia anayeweza kuondoka na asiyeweza. Binti wa kahawa alibaki. Imamu na wazee wa Ban Haw walifunga Ramadhani yao ndani ya moshi ule. Na mwezi wa Aprili mwaka ule ule, wakazi wa Chiang Mai, wakiwamo waalimu wa chuo kikuu, waliishitaki serikali yao katika mahakama ya utawala kwa kutotimiza wajibu wake juu ya moshi huo. Tarehe 19 Januari 2024 mahakama iliwapa haki, ikaamuru Waziri Mkuu na Bodi ya Taifa ya Mazingira watoe mpango wa dharura ndani ya siku 90. Mikahawani tulikuwa tukilalamika kuhusu moshi kila siku, kisha tukahama. Wao walibaki, wakaandika mashitaka.

Mwaka wa pili tulianza mapema. Mwezi wa Januari tulikwenda kwa Pa, tukakaa chini, tukamwambia kwa Kithai chetu kibovu kwamba mwaka uliopita tulifanya vibaya. Alicheka, akasema hakuna neno. Tulimwambia lipo. Tukampa ufunguo mmoja, tukasisitiza ubaki kwake daima. Vijana wawili wa msikitini walitufundisha kuunga feni ya kawaida na kichujio cha hewa kwa utepe, chombo kisichopendeza macho lakini kinachofanya kazi, tena kwa gharama isiyofika robo ya bei ya mashine ya dukani. Tuliunga vinne: kimoja kwa Pa, kimoja kwa mzee wa nyumba ya tatu, viwili chumba cha madrasa. Tusisifiwe kwa hilo, maana vijana wale walikuwa wakiviunga tangu kabla hatujafika, na mwaka wa kwanza hatukuwauliza wanafanya nini na yale mafeni.

Ramadhani ya 2024 nayo iliangukia Machi, na moshi ulirudi. Chumba chetu kikubwa tulikiziba nyufa zote, na watoto wote wawili wakalala humo, mashine ikivuma usiku kucha. Hapo ndipo mwana wetu alipong'oka meno mawili ya mbele kwa mara moja, na mjukuu wa Pa akamfundisha kuyatupa juu ya paa. Kipimo kilipozidi sana, mama na mtoto walikwenda kusini kwa wiki mbili. Tulimwomba Pa awape mjukuu wake, akakataa kwa sababu ya shule. Baba alibaki. Alfajiri, baada ya daku na sala, akawa anamsaidia kusukuma mkokoteni wa wali mpaka kwenye kona, na huko, kwa mara ya kwanza tangu kufika, akauona mji ukiamka. Nyama za kuchoma za Pa zilikuwa za nguruwe, hilo tuliseme wazi asije mtu akauliza. Alisukuma mkokoteni tu.

Tulirejea London mwezi wa Juni 2024 kwa ajili ya mzazi mgonjwa. Mwanzoni mwa Oktoba mwaka ule Mto Ping ulifurika kuliko ilivyowahi kupimwa, na maji yakaingia mitaa ya Chang Khlan. Tulipiga simu siku mbili bila kujibiwa. Siku ya tatu Pa akapokea. Alisema maji yamefika ngazi ya pili, wali umeharibika gunia moja, na ile mashine yetu ameipandisha juu ya kabati pamoja na sanamu zake na picha ya marehemu mumewe. Ufunguo anao. Kisha akauliza kama meno ya mbele ya mwana wetu yameota.